Sharubu Lisilokuwapo

Baada ya miaka ya kusafisha ofisi za watu, Truphosa alipata kazi ya majaribio mwaka 1984. Jumba moja la makumbusho hapa Stockholm lilimtaka amchore samaki wa kilindini ambaye hakuna mtaalamu aliyewahi kuandika habari zake. Mchoro ukikubaliwa, angeajiriwa. Mumewe, Okech, nilisoma naye chuoni Nairobi. Hivyo niliuona mchoro huo mezani kwao, kitongojini Farsta, kabla haujapelekwa.

Samaki hakuzidi kiganja. Mwili ulikuwa mweusi kama masizi, hauna gamba hata moja. Kinywa kilipasuka hadi nyuma ya jicho, na meno, membamba kama sindano, yalipitisha mwanga kama kioo. Tumboni zilipangana safu mbili za vitone vya nuru, mithili ya shanga. Kidevuni lilining'inia sharubu refu, na nchani mwake kitufe cha kuvutia mawindo.

"Kwa mdomo huu, huyu angepata ubunge kwetu," Okech akatania.

"Na wewe ungekuwa waziri. Kula ugali wako."

Tulicheka. Nikausifu mchoro kwa ufasaha wa msomi asiyejua samaki.

Yaliyofuata alitusimulia Truphosa mwenyewe. Thomas, mkuu wa kitengo, aliuweka mchoro kando ya chupa ya spiriti alimohifadhiwa samaki mwenyewe. Ndani ya chupa, sharubu la samaki lilikuwa limekatika. Kilibaki kishina tu.

"Kitufe hiki umekiona wapi?"

"Kwa jamaa zake, vitabuni. Huyu amekatwa na wavu. Kwetu mgeni haandaliwi samaki pungufu."

"Hapa tunachora kilichopo."

"Basi nitakifuta."

"Na vitone vya tumboni? Nitajuaje kwamba hivyo hukuvibuni?"

Vitone alikuwa amevihesabu kimoja kimoja kwa lenzi, hadi macho yakamtoka machozi. Hakuaminiwa. Kazi akapewa mwingine.

Nimejaribu kumchukia Thomas, nikashindwa. Huenda alikuwa na haki. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, na sikuthubutu kulitamka mbele ya Truphosa.

Sasa anauza samaki kwenye duka moja Skärholmen. Juzi nilimkuta akimhudumia bibi mmoja wa Kiswidi.

"Kichwa ukitoe, tafadhali," bibi akasema. "Kinanitazama."

Truphosa alikikata, akakitupa ndooni, akamfungia samaki wake pungufu.

"Shemeji," akaniambia bila kuinua macho, "na wewe nikukatie?"