Ndege Aliyekula Kwenye Sahani Zangu

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nakausha samaki kwa mjomba, mfanyabiashara wa Kongo aliyehamia Kashikishi, mji wa wavuvi kando ya ziwa, na wanaume wawili walikuwa wakinichosha. Wa kwanza alikuwa msomi kutoka Lusaka, aliyepanga chumba uani kwetu pamoja na vizimba vyake vya ndege. Kila asubuhi, nikiwa na haraka ya kuanika, alinifundisha: ndani ya ubongo wa ndege dume kuna kemikali iitwayo dopamini. Akiwa peke yake huimba ovyo ovyo, kama anayejaribu. Akisogezewa jike, dopamini hupanda, na wimbo hutoka umenyooka, hauyumbi.

"Basi wangu ubongo wake umekauka," nilimwambia.

Wangu alikuwa mvuvi, mwenyeji wa Nchelenge pale jirani, aliyeshona nyavu nyuma ya ua wetu. Akiwa peke yake aliimba nyimbo za kanisa mpaka nasahau kunguru kwenye samaki. Nikitokeza, kimya. Anainamia sindano yake utadhani mimi ni askari. Nilimpenda, na kila siku alinitia hasira, maana mwanamume mmoja wa Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, aliyefiwa na mke, alikuwa ameniposa, na mjomba alichoka kumngojesha.

"Ule mutu wa nyavu, iko na kinywa kweli?" aliniuliza. "Bon. Dimanche, siku ya misa, najibu mutu wa Kilwa."

Jumamosi nilimwendea mvuvi wangu, nikaukanyaga wavu asiweze kuuvuta. "Hata ndege anaimbia jike. Weye unangoja nini?"

Alinitazama kama mimi ndiye mwehu. "Kwetu mwanaume hasemake mwenyewe. Anatuma mutu. Nilituma muzee na sahani mbili, moja juu ya ingine, shanga katikati. Mulizipokea. Mulikubali. Sasa naweza imba mbele yako, kwa nyumba ya bakwe? Ni haya."

Nikamkumbuka mzee yule. Alikaa, akazungumzia upepo, akaacha sahani, akaenda zake. Mjomba alizoea kuwapelekea majirani samaki kwenye sahani, nazo zilirudi kila siku. Na hizo alizipokea kama nyingine zote, shanga akazitupia kwenye kopo la misumari. Sahani nikampa msomi alishie ndege wake. Mwezi mzima nilikuwa mchumba wa mtu, na dume lake lilikuwa likila mtama juu ya posa yangu.

Nilizichukua, nikazisugua kwa mchanga, nikamwekea mjomba mbele pamoja na shanga, nikamweleza maana yake. Jumapili mtu wa Kilwa alijibiwa hapana.

Mume wangu mpaka leo akiniona hunyamaza. Nimechoka kumgombeza. Mimi husimama nyuma ya ua, nimebana kikohozi, nikimsikiliza akiimba peke yake.