Fidla Yangu na Roki ya Ma Lindiwe

Nilikwenda Durban kwa sababu ya ujumbe wa sauti ulioingia kwenye simu yangu nikiwa jikoni nakaanga samaki. Mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza alisema kwa Kiingereza kwamba anaitwa Lindiwe, kwamba ameimba roki, ile nzito ya magitaa ya umeme, karibu maisha yake yote, na kwamba sasa anatengeneza albamu ambayo kila wimbo una mgeni wake. Alikwisha kupata tarumbeta, kwaya, na gitaa la Kikongo. "Umebaki wimbo mmoja," alisema. "Huo nautaka uwe na fidla yako."

Mimi ni mpiga fidla wa taarabu hapa Tanga, na huwa naitikia nyuma ya waimbaji. Roki sikuijua kabisa. Mume wangu alisikiliza ule ujumbe mara mbili, akauliza kama huyo mama ana mafua. Kisha akasema, "Nenda, Zuhura. Usipokwenda utanisumbua mwaka mzima."

Dar es Salaam nilipanda ndege huku nimeikumbatia fidla kama mtoto mchanga. Johannesburg nikaingia kwenye basi la kwenda Durban, na njia nzima nilikuwa na hedifoni masikioni, nasikiliza nyimbo za zamani za mwenyeji wangu. Mwanzoni nilipunguza sauti. Basi lilipoanza kuteremka milima na hewa kuwa na joto la pwani, nilikuwa nimeiongeza mpaka abiria wa mbele yangu akageuka, akaniomba nisimpigie kiti chake kwa goti.

Durban alinipokea Papa Jeannot, Mkongo wa Lubumbashi, yule aliyepiga gitaa kwenye albamu. Ndiye aliyeniona kwenye video ya harusi akamwonyesha Lindiwe. Anaishi Albert Park na mkewe, Mama Solange, kwenye ghorofa refu ambalo lifti yake siku hiyo ilikuwa imelala. Tulipanda ngazi tukipishana na watu wanaosalimiana kwa Kifaransa, Kizulu na Kiswahili cha kila namna.

"Karibu, dada," Mama Solange alisema mlangoni. "Iko bugali, iko sombe, iko na samaki. Ukule kwanza, muziki itakuya nyuma."

Sombe ni kisamvu, na cha kwake kilikuwa kitamu mno. Nikiwa nakula, Papa Jeannot alinitahadharisha. Lindiwe alifanyiwa upasuaji wa koo, na wimbo uliobaki ndio unaomtesa. Unamhusu dada yake marehemu, Thoko, aliyekuwa akimshonea nguo zote za jukwaani. Mwishoni kuna mstari unaopanda juu sana, na Lindiwe haufikii tena. Kila akiambiwa wimbo ushushwe kidogo, anakataa.

"Mama ule anapiga makelele," Papa Jeannot alisema, "lakini roho yake iko muzuri. Usimuogope."

Asubuhi tulipanda taksi mpaka Clairwood, mtaa wa malori na maghala. Studio ilikuwa ndani ya ghala moja, kuta zake zimefunikwa magodoro ya zamani. Lindiwe alinipokea mlangoni: mwanamke mrefu mwenye rasta za mvi, pete kila kidole. Hakunipa mkono, alinikumbatia pamoja na fidla yangu.

"Sisi, umefika," alisema, akiniita dada kwa Kizulu. Kila mtu pale alimwita Ma, nami nikamwita hivyo hivyo.

Bendi yake ikaanza kupiga. Dramu zilinigonga kifuani, gitaa likanguruma, nami nikawa napitisha upinde bila kujisikia hata kidogo. Nilidhani nimeletwa bure. Lakini Pravin, fundi mitambo, alikuja akanisogeza kona nyingine, akamwambia mpiga gitaa wa bendi apunguze mkono kwenye ubeti wa pili. Tukarudia. Safari hii fidla ikapita katikati ya yale makelele, ikilia vile inavyolia kwetu, na mpiga dramu akacheka kwa furaha bila kuacha kupiga. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Nilitaka turudie siku nzima.

Kisha tukafika kwenye ule mstari. Ma alipanda, sauti ikakatika. Akanywa maji, akajaribu tena, ikakatika palepale. Mara ya tatu sijui nini kilinipata. Nimezoea mwimbaji akiishiwa pumzi, sisi wa nyuma tunampokea. Sauti yake ilipokatika, mdomo wangu ukafunguka wenyewe nikaumalizia mstari bila maneno, mpaka juu.

Muziki ukasimama. Ma alinitazama, akavua hedifoni, akaziweka taratibu juu ya spika, akatoka nje.

"Dada," Papa Jeannot alinong'ona, "huyu hajawahi kuachia mutu mustari wake."

Nilimfuata. Alikuwa amesimama uani akitazama lori likirudi nyuma, likilia pii, pii, pii.

"Nisamehe, Ma. Ulinitoka tu."

Lori likazima. "Thoko alikuwa akisimama pembeni ya jukwaa kungoja mstari huo," alisema. "Ningeushusha, ningekuwa namwambia nimezeeka." Akajifuta uso kwa kiganja. "Umeufikia wote? Mpaka juu kabisa?"

"Nimeufikia."

"Eish." Akanigeukia. "Ule mstari kwa Kizulu unasema, Thoko, fungua mlango. Kwa lugha yako unasemaje?"

"Thoko, nifungulie."

Alilirudia neno hilo polepole, akilionja. "Nifungulie. Basi wewe utaimba juu, mimi nitakaa chini. Twende kabla sijabadili mawazo."

Tulirekodi tukitazamana kwenye kipaza sauti kimoja, kwa sababu yeye ndiye alitaka hivyo. Sauti yake nzito ilikuwa chini yangu kama sakafu, nami nikapanda bila woga. Tukamaliza. Pravin aliondoa miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ma alinishika mkono, akaomba turudie mara moja zaidi, si kwa sababu tumekosea, ila kwa sababu ameupenda.

Jioni alitupeleka kwake Point, kwenye fleti kuukuu karibu na bandari. Tulikula mkate uliochimbwa katikati ukajazwa mchuzi wa maharage wenye pilipili kali, chakula ambacho Durban nzima inajivunia. Alifungua kabati akanionyesha makoti ya ngozi yaliyoshonwa na Thoko, moja baada ya jingine, akinieleza kila moja alilivaa wapi. Alicheka sana usiku ule. Papa Jeannot aliniambia hajamwona hivyo tangu msiba.

Siku ya kuondoka Mama Solange alinifungashia sambusa za njiani, na Ma alikuja stendi na sauti iliyokauka kwa kuimba. Alisema neno moja tu la Kiswahili, lile nililomfundisha, akanisukuma ndani ya basi.

Tanga wimbo ulinifikia kwenye simu baada ya wiki chache. Niliupeleka mazoezini, wenzangu wakausikiliza wamekunja nyuso kwa yale magitaa. Mwisho ulipofika, kiongozi wetu, Bi Mwanakombo, aliuliza, "Huyo bingwa mwenyewe ni yupi hapo? Wa juu ni wewe."

"Ni yule wa chini."

Akaurudisha nyuma, akasikiliza tena huku ameinamisha kichwa. "Anakusikiliza huyo," alisema. "Kila pumzi yako anaisubiri."

Nilikwenda nikidhani roki ni kupiga kelele kushinda wenzako. Nimemwona mwanamke aliyesimama mbele maisha yake yote akisogea hatua moja pembeni kwa hiari yake, kwenye wimbo aliokuwa akiupenda kuliko zote, na wimbo ukawa mkubwa zaidi.