Bao la Shangazi Ndani ya Kompyuta

Shangazi yangu wa Msimbazi alikuwa hodari wa bao, na mimi ndiye niliyekuwa wa kufanyiwa mazoezi. Alinifunga tangu nina miaka saba, bila huruma, huku anatafuna kashata. Ndiyo maana nilipojua kuandika programu za kompyuta, kitu cha kwanza nilichokitamani ni mashine itakayomfunga shangazi.

Miaka hiyo nilikuwa nafundisha kompyuta kwenye ghorofa ya pili, Kariakoo. Milango ya biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa na kila kitu kilikuwa kinaingia: chini yetu vitenge, pembeni redio za Dubai zikipigwa zote kwa pamoja ili mteja achague. Bosi wangu, Mhindu wa makamo, alikuwa ameliacha duka la nguo la baba yake akafungua hii shule, na ukoo mzima ulimwona amerukwa na akili.

Bao langu nililiandika saa za chakula, kwa miezi. Jumatatu moja likakubali. Kete zilihama zenyewe kwenye kioo, shimo hadi shimo, nami nikapiga kelele hata wanafunzi wakadhani kuna panya.

Bosi alicheza mara mbili, akasimama. "Hii tunauza! Tunaifunga, mtu asione ndani." Akaagiza disketi hapo hapo.

Jumanne ndipo nilipokumbuka. Sehemu ya kuchora ubao sikuiandika mimi. Niliitoa kwenye CD iliyokuja na gazeti la nje, na ilikuwa na leseni yake. Niliisoma mara tatu. Ilisema: tumia, badilisha, gawa, hata uza ukitaka, lakini unayempa umpe na msimbo wote, yaani maandishi yenyewe ya programu, na uhuru ule ule uliopewa wewe. Na bosi alitaka tuifunge.

"Bosi, kuna tatizo la leseni."

"Leseni?" Akaruka. "Ile pale ukutani, ya mwaka huu! Watu wa jiji wamekuja tena?"

Nikamweleza kwamba si leseni ya biashara, nikampa ile ya CD niliyoichapa kwenye karatasi. Akanisikiliza, akaikunja karatasi, akaenda nayo nyumbani. Jumatano hakunisemesha zaidi ya salamu. Nikaanza kuhesabu kazi nyingine ninazoziweza, nikakosa.

Alhamisi asubuhi akaja na karatasi imejaa wino mwekundu.

"Huyu aliyechora, unamjua?"

"Simjui."

"Yeye anakujua?"

"Hanijui."

"Na kakupa?"

"Kanipa."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Sasa tukificha, sisi tutakuwa watu gani? Weka na msimbo wote. Ila jina la shule liwe juu, herufi kubwa!"

Sijawahi kufanya kazi kwa raha kama siku ile. Niliitafsiri leseni nzima kwa Kiswahili, darasa zima likinisaidia maneno. Tulipofika kwenye kifungu kinachosema programu haina dhamana ya aina yoyote, dada mmoja wa mstari wa mbele akasema, "Kumbe ni mtumba!" Tukashindwa kuendelea kwa robo saa. Alasiri tukapiga mtandao. Modemu ikalia na kukoroma, wote tumesimama nyuma yake, na bao langu likaenda duniani.

Ijumaa nikamleta shangazi. Alipanda ngazi taratibu, akaitikia shikamoo za darasa zima, akakaa, akaishika mausi kama anashika kitu cha moto. Mchezo ukaanza vizuri. Kisha kete yake ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba, lile shimo kubwa ambalo mchezaji hulijaza na kulilinda. Mashine ikazizoa kete zote ikaendelea kuzigawa.

Shangazi akasimama. "Nani kaiambia isafiri?"

"Shangazi, ndiyo sheria..."

"Sheria gani! Nyumba ni yangu. Kulala au kusafiri nasema mimi! Hii mashine imenivunjia nyumba bila hodi!"

Darasa liliangua kicheko, naye akashuka ngazi haraka kuliko alivyopanda. Alikuwa sahihi. Nilisahau kuiamuru mashine imwulize mwenye nyumba kama analala, yaani anaishia hapo, au anasafiri na kete zake. Nikarekebisha mchana kutwa, na kila nilipogusa, kingine kikaharibika. Ilifika mahali kete zikawa zinapotea kabisa.

Jumamosi asubuhi nikafungua barua pepe. Kulikuwa na moja, kwa Kiswahili: "Mimi Mpemba, nasoma huku kwenye baridi. Nimelikuta bao lako, nimefurahi sana. Lakini ndugu yangu, nyumba ya mtu haivunjwi bila ruhusa yake. Nimekusahihishia." Chini yake mistari tisa ya msimbo, safi kabisa. Niliruka, goti likagonga meza, wala sikusikia maumivu. Mtu nisiyemjua, ng'ambo ya bahari, alikuwa amekaa akafikiria bao langu! Bosi akaja mbio kutoka ofisini, akaisoma barua kwa sauti, akaisoma tena.

Nikaiingiza mistari ile kwenye bao, kisha nikaenda mwenyewe Msimbazi kumwomba radhi shangazi. Alikubali kurudi kwa sharti la soda. Safari hii mashine ilimwuliza kwa adabu: unalala au unasafiri? Akatabasamu, akalala. Baada ya dakika kumi alikuwa ameifagia mashine yangu, hakuibakizia kitu mstari wa mbele.

Akajifunga vizuri kanga yake. "Kazi nzuri, mwanangu. Sasa ifundishe kucheza."

Nilicheka njia nzima mpaka Mnazi Mmoja, peke yangu, watu wakinipisha.