Mkono wa Kulia

Mume wangu alipatwa na kiharusi mwaka ule tuliohamia kijiji cha ujamaa, hapa mwambao wa Ziwa Nyasa. Aliamka mdomo umepinda, mkono wa kulia umelala kama si wake. Baadaye mdomo ulirudi, mguu nao ukapata nguvu, lakini mkono ulikataa.

Wanaume wa jirani walikuwa wakila pamoja barazani, sinia moja. Yeye akaacha kwenda. Aliona haya kutia mkono wa kushoto kwenye ugali wa wenzake. Akawa anakula jikoni, amegeukia ukuta.

Nesi wa zahanati, binti wa Tanga aliyeletwa kwetu na serikali, alikuja kumtazama. Alimwamkia shikamoo, akakaa kwenye kigoda, akaniomba kitenge. Nikadhani anataka kujifunga. Kumbe aliuzungushia mkono wa kushoto wa mume wangu, ule usiougua, akaukaza kiunoni.

"Sasa ule, baba."

"Kwa mkono upi, mwanangu?"

"Wa kulia. Unadhani uliitwa hivyo kwa sababu gani?"

Mume wangu akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu augue.

Basi kila mlo nikamfunga. Tonge la muhogo lilimponyoka, likaangukia shati, likaangukia mkeka. Kuku wakaijua saa ya chakula kuliko sisi. Kati ya milo nilimwekea ungo wa usipa, achambue vidagaa vile kimoja kimoja. Nesi akipita humnyoosha vidole taratibu, huku wakibishana kati ya ugali na wali wa nazi kipi ndicho chakula. Siku nyingine mume wangu alisusa. Nilimwacha, nikaenda ziwani kuchota maji. Nikirudi, namkuta ameinamia ungo, anajaribu tena.

Kidole gumba ndicho kilichotangulia kutii. Vingine vikafuata kwa uvivu.

Jioni moja nilimpakulia ugali na samaki. Akasimama.

"Peleka barazani," akasema.

Nilichungulia mlangoni. Alinawa, akakata tonge, akalibonyeza, akachovya mchuzi. Mkono ulitetemeka njia nzima hadi mdomoni. Mzee mmoja alimsogezea kichwa cha samaki, wakaendelea na habari za shamba la kijiji.

Jembe hakulishika tena kama zamani. Wenzake walimpa kazi ya kupanda mbegu, akaipenda. Lakini jioni ile nilikula jikoni peke yangu nikiimba Kinyasa kwa sauti, mpaka jirani akaja kuuliza kwetu kuna harusi gani.