Sahani ya Mama na Jeshi la Jirani

Nilipokuwa mdogo, nikipewa peremende, niliifungua, nikaigeuza pande zote, nikainusa, ndipo nikaitia mdomoni. Mama alikuwa akicheka na kusema kwamba mtoto huyu atakuja kumshuku hata kadhi siku ya harusi yake. Basi msomaji asishangae nikisema kwamba ule mchezo wa kompyuta niliushuku tangu siku ulipoingia dukani kwangu, na aliyeuleta nikamshuku zaidi.

Duka lenyewe lilikuwa la kuchapa, pale Ukunda, hatua chache kutoka barabara kuu. Nilikuwa na kompyuta moja, printa iliyonguruma kama mashine ya posho, na kazi za kutosha: barua za kuomba ajira, kadi za harusi, menyu za mikahawa ya Diani. Kisha zikaja vurugu za mwaka ule. Sitazieleza, maana kila aliyekuwapo anazo zake. Nitasema tu kwamba watu wa bara waliokuwa wakiishi kwetu walifungasha vitu wakaondoka, watalii wakasikia huko kwao wakaacha kuja, na hoteli zikabaki na wafanyakazi wanaopangusa meza ambazo hakuna aliyezilia. Menyu zikakosa wa kuzichapisha. Mchana kutwa nilikaa na kompyuta yangu tukitazamana.

Aliyeleta mchezo alikuwa mpangaji wa mama. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mpole wa maneno, mfanyakazi wa mapokezi katika hoteli moja ya ufuoni. Alikuwa amepanga vyumba viwili katika nyumba yetu na mkewe, binti yao mdogo na mtoto mchanga. Vurugu zilipoanza aliwapeleka wote kwao bara, kisha akarudi peke yake kwa sababu ya kazi. Alimwambia mama kwamba atawaleta tena mwezi wa kwanza shule zikifunguliwa, binti aanze darasa la kwanza, "hali ikiwa nzuri."

Hali ilikuwa ni sisi. Hakulisema hilo, wala hatukumuuliza, lakini kila asubuhi alipotuamkia uani nilimwona akitupima. Mama anachota maji, kaka zangu wanapiga mswaki, naye anatutazama mmoja mmoja kama anayejiuliza ni nani kati ya hawa angenyamaza siku ile ikija tena. Iliniuma. Nami nikampima yeye, maana mtu anayekushuku bila kukwambia si wa kumpa kisogo.

Mama hakuwa na wasiwasi wowote, na ushahidi wake ulikuwa sahani. Siku chache kabla ya vurugu alikuwa amempelekea mke wa mpangaji wali wa nazi na samaki wa kupaka, na kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Unaikalia mpaka upate cha kutia, hata kama ni maembe mawili. Yule mwanamke alikuwa hajapata cha kutia, ghasia zikamkuta, akaondoka nayo.

"Yuwarudi yule," mama alisema. "Mtu haendi moja kwa moja na sahani ya mwenziwe."

"Mama, watu wameondoka na zaidi ya sahani."

"Wewe nawe. Ile ni ya maua ya buluu, ya harusi yangu. Yeye ajua."

Mimi niliihesabu kuwa imekwishavunjika, na vipande vyake viko kwenye shimo la taka la mtu huko bara.

Turudi kwenye mchezo. Mgeni mmoja Mjerumani, aliyekatisha likizo yake kwa hofu, alimwachia mpangaji wetu diski badala ya bakshishi. Ulikuwa mchezo wa historia. Unachukua ufalme wa karne zilizopita, unatoza kodi, unajenga ngome, unaozesha watoto wako kwa wafalme wengine, unapigana. Maandishi yote yalikuwa ya Kijerumani, na mwenye Kijerumani alikuwa mmoja tu, tena Kijerumani chake kilikuwa cha mapokezi: vyumba, taulo, kifungua kinywa. Mfalme wa Ureno akituma ujumbe, yeye aliukodolea macho, kisha akatwambia, "Nafikiri anauliza kama tumeridhika." Kesho yake Ureno imetuvamia.

Mchezaji wa tatu alikuwa mwalimu aliyenifundisha historia kule Kwale. Jumamosi moja aliteremka kuja kuchapisha mitihani, akaona ramani kwenye kioo, akavuta kiti. Jumamosi zilizofuata alikuja bila mitihani.

Kwa kuwa kompyuta ilikuwa moja, tulicheza kwa zamu, na mwenye zamu alibaki peke yake ndani. Wengine wawili tulitoka barazani, na mlangoni nilitundika pazia la leso ili asiyehusika asione siri za mwenziwe. Mtu mwenye tabia yangu, kukaa nje ya pazia huku mwingine akibofyabofya ndani, ni mateso. Nilimsikia akibofya, akinyamaza, akibofya tena, nikajiuliza huku kunyamaza ni kwa nini.

Barazani ndipo tulipouchambua mchezo. Mwalimu alianza na ramani. Ulaya ilikuwa na miji mpaka ya mabwana wadogo, lakini pwani yetu yote ilipakwa rangi ya kijivu, bila jina, kama ukuta uliosahauliwa na fundi.

"Wametuchora kama kwamba hatujazaliwa," alisema. "Na dini je? Kila nchi rangi moja. Aliyetunga hiki hajapata kuingia nyumba ya watu kijijini Mkongani, baba yuwaenda msikitini, mke kanisani, na babu ana mambo yake ya kaya, kule msitu wa mizimu, na wote hula sima chungu kimoja."

Langu mimi lilikuwa kwamba mashine, iliyocheza falme zote zilizobaki, inaiba. Nililisema tangu mwanzo, nikachekwa. Basi nikafanya jaribio. Nilikuwa na mji mmoja ndani kabisa ya nchi yangu, mahali ambapo adui hawezi kuona, nikauondoa ulinzi wote bila kumwambia mtu. Haikuchukua muda, merikebu za adui zikateremsha jeshi, likapita miji mingine yote na kwenda kwenye ule mji mtupu. Niliwaita wakaja kuangalia kwa macho yao. Mashine ilikuwa ikichungulia nyuma ya pazia langu, na mtu aliyeitunga alijua.

Mpangaji yeye aliupenda mchezo kwa jambo moja. Unaweza kufanya urafiki na jirani, mkawekeana mkataba, lakini kiasi cha uaminifu wake kimefichwa. Hukioni popote.

"Hapo ndipo wamepatia, mazee," alisema. "Mkataba unauona, moyo huuoni."

"Mimi naona ndipo walipokosea," nikasema. "Jirani huonekana. Utamwona akija msibani, utamwona akipiga hodi, utaona anachokuletea mwezi wa Ramadhani. Mchezo hauna hata moja ya hayo, basi utamjuaje mtu?"

Alikuwa akitazama barabarani.

Yeye na mimi tulikuwa tumewekeana mkataba tangu mwanzo. Nchi zetu zilipakana, na wote wawili tulikuwa tukiandamwa na mashine. Siku moja nilipeleka mfanyabiashara wangu apite nchini kwake, na kila mji aliopita ukanionyesha kilichomo. Miji ya kusini, alikokuwa adui, ilikuwa na askari wa kuhesabika. Miji iliyonielekea mimi ilikuwa imejaa jeshi. Rafiki yangu wa mkataba alikuwa amelaza askari wake wote mlangoni pangu.

Nilitoka nje nimefura. Mwalimu alikuwa amekwenda kuswali. Nikamuuliza mpangaji yale majeshi ni ya nini.

"Ni ya kujilinda tu, dada."

"Kwa nani? Kule mpakani niko mimi peke yangu."

Alikuna kidevu. "Mchezo haunipi njia ya kujua."

"Basi niulize mimi."

"Nikikuuliza utasema nini?" Sauti yake ilikuwa ileile ya mapokezi, ya upole. "Hata mwenye panga akiulizwa atasema yeye ni rafiki. Sisi watu wa bara tulikuwa tumewauliza majirani, dada. Tuliambiwa hakuna neno, laleni."

Nilijua hatuzungumzii tena mchezo. Nilikasirika, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba alikuwa na haki. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Yeye alikuwa amenyolewa tayari, nami namlaumu kwa kushika maji.

Mwezi wa kwanza ulikuwa unakaribia, naye alikuwa hajasema kitu kuhusu mkewe na watoto. Mama aliacha kuuliza, lakini aliosha kile chumba chao cha pili akafungua madirisha.

Katika mchezo kulikuwa na kitufe kimoja chenye picha ya mtoto aliyevaa taji. Ukikibofya, mrithi wako anapelekwa kuishi katika jumba la mfalme mwingine, kama dhamana. Yule mwingine akitaka kumdhuru, hakuna cha kumzuia, na asiye na mrithi ameshatoka mchezoni. Mwalimu alikipenda kwa sababu ya historia. Alitusimulia jinsi hata huku kwetu, wakati wa njaa za zamani, watu walivyowaweka watoto wao rehani kwa majirani. Mpangaji alikichukia kuliko vyote.

"Aliyetunga hiki hana mtoto," alisema. "Nani atampeleka mtoto kwa mtu asiyemjua moyo?"

Zamu yangu ilipofika nikakibofya. Sitajisifu kwamba ulikuwa wema, ilikuwa hasira. Nilikuwa na mrithi mmoja tu, nikampeleka kwake, kwenye mji uliojaa lile jeshi lake, nikasema moyoni, haya, nionyeshe wewe ni nani. Nikatoka, nikampisha.

Alikaa ndani sana. Chini ya pazia niliiona miguu yake, viatu vyeusi vya kazi, haitikisiki. Hakubofya hata mara moja. Mwalimu akaniuliza kama umeme umekatika. Nikamwambia anapanga namna ya kunimaliza. Hatimaye alibofya, mfululizo, harakaharaka, akatoka, akasema, "Zamu yako," akashika njia ya kwenda nyumbani bila kungoja mwisho.

Niliingia mbio. Mrithi wangu alikuwa hai. Mpakani hapakuwa na jeshi, si mji huu wala ule, na malango yote yalikuwa wazi. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilifikiri amewaficha. Nikapeleka wapelelezi kila upande mpaka hazina yangu ikakauka, wakarudi wakasema hawakuona kitu, nami nikawashuku wapelelezi.

Asubuhi iliyofuata chumba chake kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Hakuwa ameaga. Kwetu mtu haondoki bila kuaga isipokuwa hataki kuulizwa anakokwenda. Hotelini wakaniambia amechukua likizo.

"Amehama," nikamwambia mama. "Ametuondolea jeshi kwa sababu hana haja nalo tena."

Mama hakuelewa jeshi gani. "Na sahani yangu?" akauliza, akaendelea kukuna nazi.

Siku zikapita bila habari yake. Shule zikakaribia kufunguliwa. Mwalimu alikuja Jumamosi, tukakaa kama watu waliofiwa, mchezo umesimama kwenye zamu ya asiyekuwapo. Nilimkosa, na nilijichukia kwa kumkosa mtu niliyeamini ametutoroka.

Alirudi mchana wa Jumatatu. Nilikuwa nachapa barua ya mtu, pazia likasogezwa, akaingia akiwa bado na vumbi la safari, na binti yake amemshika suruali. Mtoto alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa gazeti.

"Shikamoo," akaniambia kwa sauti ndogo. Alikuwa amefundishwa njiani.

"Marahaba. Umebeba nini?"

Akanifungulia. Ilikuwa sahani ya maua ya buluu, nzima, na juu yake mfuko wa maharagwe makavu yaliyochaguliwa vizuri, hayana jiwe hata moja.

"Mama yake atakuja na mdogo wakimaliza kuvuna," mpangaji alisema. "Ameniambia sahani itangulie." Kisha akatazama saa ya ukutani. "Dada, naingia kazini sasa hivi, na kule nyumbani nimekuta mama yako yuko sokoni. Naweza kumwacha hapa kwako?"

Nikamuuliza, "Una hakika?"

"Si wewe ulimtuma wako kwanza?"

Akaondoka. Mtoto akaketi kwenye mkeka chini ya meza yangu, miguu yake ikigusa ya kwangu, na baada ya muda akalala na lile gazeti mkononi.

Nikageuza kiti kikatazama mlango. Tangu saa ile kila aliyepita pale nje nilimshuku: muuza maji, kijana aliyesimama kufunga kamba ya kiatu, hata binamu yangu aliyekuja kuniomba kalamu. Nilimpa kalamu nikimwangalia mikono. Mwalimu alipofika ghafla, ameteremka kuulizia kama mchezo umeanza tena, nilisimama mlangoni nikamwamkia kwa heshima zote, nikamwambia angoje barazani.

"Kuna nini ndani?" akauliza.

"Kuna mtoto amelala," nikasema, na sikuondoka mlangoni.