Sista Macho na Ndege wa Degedege

Nilikuwa mtoto wa darasa la nne pale niliposadiki kwamba nimemuua mdogo wangu kwa kubonyeza kitufe. Chekeni tu. Hata mwenyewe, Hamidu, ambaye leo ni baba mzima mwenye kitambi, akisikia hadithi hii hucheka mpaka akafuta machozi. Lakini mie siku ile sikucheka.

Ilikuwa Tandika, miaka ile vitu vilipoanza kumiminika nchini. Sie tuliozoea kupanga foleni ya sukari na sabuni ya mche, ghafla tukaona redio za kila rangi, saa za mkononi zinazoimba, na mitumba hadi ya kuchagua. Jirani yetu, Fundi Sudi, alikuwa akitengeneza redio barazani kwake. Siku moja akarudi kutoka bandarini na televisheni iliyotumika Japani, pamoja na mashine ya gemu. Mashine ilikuja na kaseti moja. Moja tu! Kaseti yenyewe hakuna aliyewahi kuisikia, si kabla wala baada. Nimeiulizia sana ukubwani, na hawa vijana wa sasa wanaojua kila kitu wananiangalia kwa huruma, wanadhani shangazi kachanganyikiwa.

Haikuwa gemu ya magari wala ya kupigana ngumi. Ilikuwa katuni ya Kijapani: msichana wa shule, sketi fupi, nywele za zambarau, macho makubwa kama visosi. Tukamwita Sista Macho. Yumo ndani ya jumba lenye milango kibao, mgongoni kambeba mtoto wa kiume aliyelala, anatafuta njia ya kutokea. Hana bunduki, hana hata fimbo. Kazi yake ni kukimbia na kujificha, kwa sababu nje ya madirisha linazunguka dude jeusi lenye mabawa, na muziki ukibadilika tu, ujue linaingia. Makabati ya kujifichia yalikuwepo, lakini kila kabati linatosha mtu mmoja. Ukitaka kupona upesi unabonyeza kitufe chekundu, Sista anamtua mtoto sakafuni, anaingia kabatini peke yake, na dude linaondoka na mtoto. Halafu gemu inaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Hapo ndipo palipokuwa pakitutisha kuliko mabawa yenyewe.

Sijui Wajapani walilichora lile dude wakiwa na maana gani. Sie watoto wa Tandika hatukuhitaji kuambiwa. Alikuwa ndege wa degedege, mtu na akili zake alimtambua mara moja.

Nyumbani tulikuwa tukiishi na bibi, mama yake baba, Mzaramo wa mizizi. Bibi ndiye aliyetufundisha kwamba ndege huyo hupita juu ya mapaa, na kivuli chake kikimwangukia mtoto, mtoto hukaza mwili, macho hugeuka, povu likamtoka. Ndiyo maana nguo za watoto nyumbani kwetu zilianuliwa kabla ya magharibi, hata kama bado zinachuruzika maji. Na alitufundisha jambo la pili, tena kwa sauti ile ile ya kutuambia moto unaunguza: mtoto wa degedege hachomwi sindano. Ukimchoma umeifungulia roho yake tundu la kutokea.

Basi barazani kwa Fundi Sudi ikawa sheria: mtoto hatuliwi. Ukishindwa kukimbia, kufeni wote wawili. Jumanne wa nyumba ya pili aliwahi kumtua, na kesho yake kuku wao watatu wakafa. Kweli mtaa mzima kuku walikuwa wanakufa kwa kideri wiki ile, lakini nani wa kutuambia hivyo tukasikia?

Jumamosi yenyewe baba alikuwa safarini Songea na lori la watu, mama anakwenda sokoni na beseni lake la vitumbua. Hamidu alikuwa na miaka mitatu. Mama akamfunga mgongoni kwangu kwa khanga, akamgusa shingo, akasita kidogo.

"Mwaju, mdogo wako kaamka hana raha. Kaa naye ndani. Usimtue-tue huko nje, umenisikia?"

"Ndiyo, mama."

Nilimsikia. Tena vizuri. Lakini Fundi Sudi alikuwa ameshawasha televisheni, muziki unasikika mpaka jikoni kwetu, na mie nilikuwa na zamu yangu tangu jana yake umeme ulipokatika. Nikaenda na Hamidu wangu mgongoni. Alikuwa wa moto, mgongo wangu wote umelowa, na anagunaguna sikioni mwangu nashindwa hata kusikia muziki ukibadilika. Nikamfungua, nikamlaza kwenye mkeka ukutani, nikamwambia, "Lala hapo, nacheza mara moja tu."

Nilicheza vizuri ajabu. Nilifika chumba ambacho hakuna mtoto wa mtaa ule aliyewahi kukifikia. Hapo dude likapasua dirisha, watoto wote wakapiga kelele, na mie kwa tamaa ya kuendelea nikabonyeza kitufe chekundu. Sista Macho akamtua mtoto. Baraza zima likanigeukia.

"We Mwaju!" Ilikuwa sauti ya Fundi Sudi, lakini hakuwa anaangalia gemu. "Mwaju, mtoto!"

Hamidu alikuwa amekaza kama ubao, macho meupe, povu mdomoni.

Sikumbuki nani alimbeba. Nakumbuka bibi akija mbio bila kilemba, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nakumbuka chumba chetu kimejaa moshi wa mavi ya tembo, ndiyo dawa yenyewe ya kumfukizia mtoto wa degedege, na bibi akimfunika kwa shuka jeusi huku akisoma dua. Mtoto akalegea, akalala. Mama aliporudi alimkuta anahema kwa shida, mwili unachoma.

Mama Anjelina, jirani yetu Mmakonde, mke wa mchonga vinyago, akasimama mlangoni. "Shikamoo, bibi. Wangu alipatwa hivi hivi mwaka juzi. Alipigwa sindano, leo anakula anamaliza sufuria. Tumkimbize hospitali, mume wangu ataomba pikapu ya bosi wake."

"Wako ni wako," bibi akasema. "Huyu hachomwi sindano nikiwa hai."

Mama alimwangalia bibi, akamwangalia Hamidu, akainamisha kichwa. Mkwe akishasema, mama yangu alikuwa hana neno la pili. Alilia bila sauti, akimpepea mtoto kwa mfuniko wa sufuria.

Adhana ya adhuhuri haijaisha, Hamidu akakaza tena. Safari hii ilichukua muda mrefu zaidi, na alipolegea midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango nikijua kitu ambacho wote mle ndani hawakijui. Nikaona nikikaa kimya atakufa, nikisema nitauawa mie. Nikatoka.

"Bibi, mie ndiye niliyemwita ndege."

Nikaeleza yote. Sista Macho, kabati, kitufe chekundu. Kisha nikaeleza na lile lililokuwa linanikaba zaidi, kwamba nilijua Hamidu ana homa, mama kanikataza, na nimemlaza chini kwa sababu alikuwa ananisumbua. "Nimewatua wote wawili, bibi," nikasema, na kilio cha kwikwi kikanitoka.

Nilingoja kofi. Bibi hakunipiga. Alijifunga khanga upya kiunoni.

"Nipeleke nikamwone huyo ndege."

Mpaka leo naona fahari kwamba katika watu wazima wa mtaa ule, huyu mmoja hakuniambia ni katuni tu. Tulivuka uchochoro, hatua ishirini hivi. Watoto wakatawanyika kama kuku.

"Shikamoo, bibi," Fundi Sudi akasema, anatafuta shati la kuvaa.

"Marahaba. Liwashe hilo shetani lako."

"Bibi, hii ni michoro tu ya Wajapani..."

"Sudi. Washa."

Bibi akaketi kwenye benchi la watoto, magoti yamemfikia kidevuni. Akaniambia, "Cheza. Na safari hii usimtue." Nikacheza huku makamasi yananitiririka. Mwanzo alikuwa akisoma kimoyomoyo, midomo tu inacheza. Dude lilipojitokeza dirishani akasema, "Auzubillahi! Ndiye." Kisha akasahau kusoma kabisa. "Kimbia, mwanangu!" alikuwa anamwambia Sista Macho. "Si huko! Huko kuna giza! Haya, kulia, kulia! Mshike mtoto vizuri!" Ingekuwa si siku ile ningekufa kwa kicheko. Nilipita kabati la kwanza, la pili, la tatu, sikubonyeza chekundu. Nikapanda ngazi, nikafungua mlango wa mwisho, na kioo kizima kikawa cheupe.

Ikatokea picha. Sista Macho yuko nje, kumekucha, mtoto mgongoni kafumbua macho. Pembeni yake mistari ya maandishi ya Kijapani, inashuka kutoka juu kwenda chini.

Bibi alikuwa msomi wa Kurani, maandishi kwake ni kitu cha kuheshimiwa, hata kama hakuyajua haya. Akasogea karibu na kioo. Fundi Sudi alikuwa amesimama pale pale, mtu mzima, fundi, aliyemaliza shule. Bibi hakumgeukia.

"Pameandikwa nini?" akaniuliza mie.

Nilikuwa sijui herufi moja. Nilitazama yale maandishi, nikasikia kutoka kwetu mama ameanza kumwita Hamidu kwa jina, mara kwa mara, bila kujibiwa. Nikafungua mdomo.

"Pameandikwa ndege ameshamwachia. Sasa mtoto apelekwe hospitali upesi. Hata akichomwa sindano haimdhuru."

Fundi Sudi akakohoa. Nilijua nimemdanganya mtu mzima, tena bibi yangu, tena katika jambo la roho ya mtu, na nilitegemea ardhi ipasuke.

"Pameandikwa yote hayo?"

"Yote, bibi."

Bibi akainuka. Mtu wa miaka yake, na ule uchochoro aliuvuka kwa mbio. Nilimsikia kabla hajafika mlangoni: "Mama Anjelina! Iko wapi hiyo pikapu?"

Hospitali walisema ni malaria imepanda kichwani. Wakamtundikia dripu ya kwinini. Muuguzi aliposhika sindano bibi alimshika Hamidu mguu, akafumba macho. Hakufumbua mpaka mama alipomwambia, "Mama, imeisha. Anahema." Siku ya tatu Hamidu alifungua jicho moja akauliza kitumbua kiko wapi. Mama aliangua kilio, wodi nzima ikadhani tumefiwa.

Kilichofuata kilinipa cheo nisichokiomba. Bibi aliutangazia mtaa kwamba kwa Sudi kuna gemu inayosema kweli, na msomaji wake ni mjukuu wake. Kina mama wakaanza kuja na watoto wao. Nikawa nacheza mpaka mwisho, natazama maandishi, nakunja uso kama mganga, nasema: hospitali. Kikohozi, hospitali. Tumbo, hospitali. Mama mmoja akaniuliza habari za mume aliyehamia kwa mwanamke mwingine Kawe, naye nikamwambia hospitali. Fundi Sudi alikuwa akiingia ndani kucheka. Hali iliendelea hivyo mpaka siku umeme wa mgao uliporudi kwa kishindo, ukaunguza mashine na kaseti yake, na uganga wangu ukaishia hapo.

Ule uongo lakini haukuungua. Nilikua nao. Kila nilipomwona bibi akimsimulia mgeni habari za maandishi yale, niliona haya hadi masikioni. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, bibi alikuja kunilea ile arobaini ya uzazi, mzee sana sasa, mikono bado na nguvu. Mchana mmoja anamkanda mtoto mafuta ya nazi, nikashindwa kuvumilia.

"Bibi, siku ile kwa Sudi nilikudanganya. Sikujua kusoma yale maandishi."

Alicheka mpaka mtoto akashtuka. "We Mwaju! Mtoto uliyekuwa unashika mkia darasani, Kiswahili chenyewe kinakutoa jasho, mie niamini unasoma Kijapani?"

Akaendelea kumkanda mtoto, taratibu, kidole kwa kidole. Ndipo akanisimulia habari za Mwanaidi, mwanawe wa kwanza, shangazi ambaye sikuwahi kumsikia. Alishikwa na degedege, akabebwa kwenda zahanati, wakamchoma sindano, akakata roho mikononi mwa bibi wakirudi, kabla hawajafika barabarani. Labda alikuwa ameshachelewa, akasema. Hilo alikuja kulifikiri baadaye sana. Siku ile alichokiona ni sindano na mtoto kufa.

"Hamidu alipokaza mara ya pili nilijua moshi wangu haumwezi," akasema. "Lakini nilishasema hapana mbele ya mama yako na majirani wote. Na mguu wenyewe ulikuwa hautaki kunyanyuka kwenda huko. Niliogopa, mjukuu wangu. Niliogopa sana."

Sikuwahi kumsikia bibi akisema ameogopa kitu. Nikamwuliza kile ambacho bila shaka na nyie mngemwuliza: na kama ningesema maandishi yanataka mtoto abaki ndani, afukizwe tena?

Alimfunika mtoto wangu, akamweka begani, akampigapiga mgongo.

"Usingesema hivyo. Wewe ulikuwa unamtaka ndugu yako. Ndiyo maana nilikuuliza wewe, sikumuuliza Sudi, yeye angenijibu ukweli."