Waya Mfupi wa Mzee Moshi

Mtaa mzima ulimwita Mzee Moshi, naye hakuona sababu ya kukana. Miaka thelathini ya kutengeneza jenereta ilikuwa imemwachia kucha nyeusi na tabia ya kupaza sauti hata akiomba chumvi. Kwa hiyo dada anayezunguka mashuleni akionyesha filamu za mazingira, za jua na upepo na namna dizeli inavyotumaliza, alipokosa umeme wa projekta yake na kuja kukodi jenereta ya dizeli kwa Mzee Moshi, watu walishika mbavu.

"Mzee, unamkodishia kisu anayekuja kukuchinja," alimtania jirani yake, fundi baiskeli.

"Acha nichinjwe. Wewe jaza upepo tairi."

Asichokijua fundi baiskeli ni kwamba katikati ya ile filamu ya mitambo ya upepo alitokea mwanamke mwenye kofia ya njano, ananing'inia kwenye kamba huko juu, spana mkononi. Sekunde kumi na moja tu. Alikuwa bintiye. Miaka minne iliyopita alimwambia baba yake kwamba anauza moshi, na kwamba yeye anakwenda kufanya kazi ya mitambo ya upepo. Baba akajibu asirudi mpaka huo upepo umshibishe. Begi likabebwa. Tangu hapo simu pekee zilizomshangaza mzee zilikuwa za namba moja ngeni: alipiga mayowe ya haloo, hakusikia kitu, akatukana matapeli, akakata.

Waya wa mita thelathini alikuwa nao, ila kila safari alibeba wa mita nne. "Ule mrefu umeungua," alidanganya. Waya mfupi ulimlazimu kuweka jenereta mlangoni, na hapo mlangoni ndipo alipoweza kuchungulia. Jenereta ilinguruma, midomo ya bintiye ikacheza bila sauti, akacheka, akapotea. Walioketi karibu na spika ndio waliosikia. Angeweza kumuuliza dada wa filamu, lakini angeulizwa kwa nini anataka kujua, na jibu hilo lilikuwa zito kuliko jenereta.

Siku moja dada akaingia gereji, meno yote nje. "Mzee wangu, tumepata paneli na betri! Kesho hatukusumbui tena."

"Kesho mnaonyesha ipi?"

"Ya upepo."

"Betri hizo huzima katikati. Nitakuja kuzisimamia."

"Hazizimi, mzee wangu. Pumzika."

"Nimesema nitakuja! Mwanangu yumo humo."

Likamponyoka hivyo hivyo. Dada akatua mkoba wake. "Yupi?"

"Wa kofia ya njano."

"Na mimi siku zote hizi nakuacha mlangoni," dada alisema polepole. "Kesho unakaa mbele."

Kesho yake alikaa kwenye benchi la watoto, magoti yamekaribia kidevu. Safari hii hapakuwa na ngurumo ya jenereta. Bintiye akatokea.

"Mtambo hauharibiki ghafla, unakohoa kwanza," alisema. "Hilo nimefundishwa na baba. Siku hizi nikimpigia nasikia jenereta tu, na yeye haloo, haloo, kisha ananikatia." Akacheka. "Hata nimechoka kupiga."

Watoto nao wakacheka.

"Rudisha," Mzee Moshi aliomba, kwa sauti ndogo ambayo mtaa ule haukuwahi kuisikia. Dada akarudisha mara tatu, watoto wakinung'unika.

Siku iliyofuata, saa kumi jioni, gereji ilinyamaza. Kwa ile namba aliyozoea kuitukana, mzee alikuwa ametuma ujumbe: *Kila siku saa kumi nazima mashine zote. Baba.*

"Vipi, dizeli imekuishia?" fundi baiskeli alichokoza.

"Shh. Nasubiri simu."

Fundi akafungua mdomo atanie tena, akamwangalia usoni, akavuta ndoo akaketi. Ikafika kumi na robo. Ikafika kumi na nusu. Mteja mmoja akaja kuchukua jenereta yake, akataka iwashwe kwanza aisikie.

"Njoo asubuhi," Mzee Moshi alimwambia, macho yake yakiwa kwenye simu iliyolala gotini.